Malori Mawili, Pesa za Kutengeneza Moja

Aabo mpendwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili, na nadhani hilo peke yake lingekufanya uweke kikombe chini uniangalie. Nyumbani kwetu kila lugha ilikuwa na kazi yake. Kisomali kilikuwa cha kula, cha kuugua, cha kugombana na kuombana radhi. Kiswahili kilikuwa cha afisa wa kaunti, cha dereva aliyetoka Thika, cha walimu wangu, na cha maswali yako. Ulikuwa ukimaliza sala ya alasiri unaketi kwenye mkeka barazani, Hooyo, mama yangu, anakuletea birika la chai ya maziwa ya ngamia, kisha unaita kwa Kiswahili, "Haya, karani, kuja hapa." Nikisikia hivyo nilijua kwamba mpaka birika liishe mimi si mwanao. Ni karani wa biashara ya mtu nisiyemjua, mtu huyo yuko taabani, na ni juu yangu kumtoa.

Una miaka mitatu kaburini na mimi bado niko kwenye mkeka ule. Barua hii nimeiacha wazi, asomaye asome, kwa sababu sidhani ni mimi peke yangu niliyelelewa kwa maswali. Ninachotaka kukuuliza nitakisema mapema ili usije ukadhani nakuzunguka. Lile swali la malori mawili, Aabo, lilikuwa la malori?

Wacha nianze na yale ambayo sina shaka nayo. Mtu mmoja wa Hadado ameleta mbuzi ishirini kwenye soko la mifugo la Garissa. Siku hiyo bei ni mbovu, wanunuzi wa Nairobi hawakuja. Akiwarudisha, atalipa lori mara ya pili. Akingoja soko la wiki ijayo, atanunua majani na maji kila siku, na huenda mbuzi mmoja akafa. Auze au angoje? Nilikuwa na miaka kumi. Nilijumlisha majani, nikajumlisha maji, nikatoa mbuzi mmoja, nikasema angoje.

"Na yeye mwenyewe analala wapi?" ukaniuliza.

"Kwa binamu yake."

"Umemwandikia binamu ngapi?"

"Binamu halipishi."

"Binamu halipishi leo. Mwezi ujao anakuja kwako na watoto sita na mgonjwa. Andika binamu."

Niliandika binamu. Mpaka leo, nikiona hesabu ya mtu imetoka na faida safi, huanza kutafuta binamu yuko wapi.

Kulikuwa na yule wa Liboi ambaye mchele wake ulikuwa umekwama kwenye ukaguzi, na kila siku inayopita bei ya huku inashuka. Kulikuwa na mwenye ngozi za mbuzi: auze mbichi leo, au anunue chumvi, azikaushe, angoje? Kulikuwa na mama wa maziwa ambaye basi lililobeba madumu yake limeharibika njiani, na maziwa yanachacha, na ana simu moja tu ya kupiga. Ampigie dereva au mteja? Ulikuwa dalali wa mifugo, na haya yote yalikuwa vitu ulivyovishika kwa mikono yako. Hukuwahi kuandika swali hata moja. Yalitoka mdomoni na chai. Ulikuwa ukiniambia, "Fikiria fizuri," na shuleni wenzangu walikuwa wakiwacheka wazee waliozungumza hivyo, lakini mimi sikuwahi kukucheka, kwa kuwa nilijua kila baada ya "fikiria fizuri" kuna shimo mahali. Ulikuwa unaacha kitu kimoja nje ya swali makusudi. Kazi yangu ilikuwa kukiona kisichotajwa.

Unaona jinsi ulivyonifanya? Wengine walifundishwa na baba zao kuamini. Mimi ulinifundisha kupapasa chini ya kila neno kama mtu anayetafuta nge kwenye kiatu. Nami nilikupenda kwa hilo. Sikuwahi kufikiria kwamba siku moja nitakipapasa kiatu chako.

Swali la malori lilikuja mwezi wa Desemba. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimemaliza mtihani wa darasa la nane. Yusuf, kaka yangu, alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni, anamaliza kidato cha pili. Yeye siku hiyo alikuwa nyuma ya nyumba anaziba tangi la maji. Wewe ulikuwa umechelewa kunywa chai yako. Ilikuwa imefanya utando juu.

"Mtu ana malori mawili," ulisema, "yote mabofu. Ana besa za kutengeneza moja."

"Ana pesa ngapi?"

"Za moja."

Ukaendelea. La kwanza ni kubwa, limeshafika nusu ya safari yake, na mwenyewe ameshaliingizia pesa nyingi. La pili ni dogo, halijatoka hata uani. Injini yake ni nzuri, nzuri kuliko ya lile kubwa, lakini watu wanasema njia zetu hazilifai, litaishia kwa mtu mwingine kabla halijamrudishia mwenyewe chochote. Atengeneze lipi?

Nilifurahi, Aabo. Nilifurahi kwa sababu nilijua ulikotaka nijikwae. Majuma machache kabla ya hapo ulikuwa umenipa maswali matatu ya aina moja: kisima kilichochimbwa nusu kikagonga mwamba, duka lililojengwa ukuta mmoja, ngamia mgonjwa aliyekwisha kunyweshwa dawa za bei kubwa. Kila mara nilikuwa nataka kuendelea na kitu kwa sababu kimeshakula pesa, na kila mara ulinikatiza: "Hizo zimeshatoka. Toa kwenye hesabu." Sasa nilikuwa tayari. Nikakwambia zile pesa za lori kubwa zimeshatoka, zisihesabiwe. Nikakwambia maneno ya watu nayo yasihesabiwe, maana watu hawaendeshi injini. Atengeneze dogo.

"Na kubwa?"

"Auze vyuma chakavu."

Ulikaa kimya. Nilidhani unapiga hesabu ya bei ya vyuma.

"Hilo haliuzwi," ukasema.

"Kwa nini? Vyuma vina bei."

"Swali limesema haliuzwi."

"Swali halikusema."

"Sasa limesema."

"Basi likae huko huko lilipo," nilikujibu, "lifanye kazi ndogo ndogo zisizotaka matengenezo."

Ukanyamaza tena, muda mrefu zaidi. Kisha ukasema, "Fizuri, karani," ukainuka ukaenda msikitini na chai haijaisha. Hukuniambia shimo lilikuwa wapi. Nikadhani siku hiyo halikuwepo.

Mwezi wa Januari ulituambia kwa Kisomali, tukiwa tunakula, kwamba Yusuf ameamua kwenda Eldas kukaa na ngamia wetu. Ulisema "ameamua." Yusuf alikuwa anafunga kamba ya mfuko wake. Alinipa mkebe wake wa jiometri, akasema ngamia hawapimwi kwa bikari. Mimi nilipelekwa shule ya bweni na sanduku jipya, na mkebe ule ndani yake, na kwa miaka yote niliyosoma sikuwahi kuunganisha chakula kile na mkeka ule. Swali lilikuwa la Kiswahili. Habari ya Yusuf ilikuwa ya Kisomali. Kichwani mwangu hivyo vilikuwa vyumba viwili visivyo na mlango kati yao. Ulijua hilo. Nadhani ulijua.

Sasa nafundisha uhasibu katika chuo kimoja hapa mjini. Natunga maswali ya mazoezi kama wewe, ila yangu nayaandika ubaoni. Muhula huu nilikuwa nawafundisha jinsi kampuni inavyochagua mradi mmoja kati ya miwili, na msichana mmoja wa mbele, Ubah, ambaye haachi kitu kipite, akainua mkono.

"Mwalimu, hii kampuni yako kwani haiwezi kukopa?"

"Swali limesema pesa zinatosha mradi mmoja."

"Tangu muhula uliopita zinatosha mmoja. Oveni mbili, pesa ya moja. Visima viwili, pesa ya kimoja. Imesota tu hii kampuni. Wenyewe ni kina nani?"

Darasa likacheka. Nikasema ni mfano tu.

"Mfano haukasirishi mtu, mwalimu," akasema mwingine kutoka nyuma. "Na wewe umekasirika."

Nilifika nyumbani nikayapitia maswali yote niliyotunga tangu nianze kazi. Ubah alikuwa amesema kweli. Kila mahali kuna vitu viwili na pesa za kimoja. Kila mahali jibu sahihi ni kile kidogo, kipya, kisichoaminiwa. Nilikaa na karatasi zile mapajani, nikamwita Hooyo.

"Hooyo, Aabo aliwahi kuwa na lori?"

"Aabo yako? Hata toroli hakuwa nalo."

"Sasa mbona aliniuliza habari za malori?"

"Aabo yako aliuliza kila mtu kila kitu. Mimi aliniuliza kama aoe mke wa pili. Nikampa jibu, hakuuliza tena." Kisha akainuka kwenda kuangalia sufuria, na jikoni hakukuwa na moto.

Hapo ndipo nilipoanza kukukagua. Sikutaka, lakini mkono ulishazoea. Kwa nini malori, wewe ambaye maswali yako yote yalikuwa ya vitu unavyovijua? Kwa nini lile kubwa halikuuzwa, wakati kwenye maswali yako hata punda wa urithi aliuzwa? Kwa nini yale matatu ya "hizo zimeshatoka" yalikuja mfululizo, kabla tu ya lile? Mtu akitaka ng'ombe apite mlango fulani, hufunga ile mingine kwanza. Nilianza kuona kwamba hukuwa unaniuliza. Ulikuwa unaniandaa nikupe jibu ulilokuwa nalo, ili baadaye, usingizi ukikukimbia, uwe na mtu wa kugawana naye lawama. Na mtu huyo alikuwa binti yako wa miaka kumi na minne.

Yusuf alikuja na mbuzi siku ya soko iliyopita. Unamkumbuka anavyoingia nyumbani: salamu kwanza, maji, sala, usingizi, na hasemi neno la maana mpaka apate chai. Ndevu zake zimeanza kuwa nyekundu kwa hina kama zako. Aliketi mahali pako kwenye mkeka bila kujua, au kwa kujua. Nikamwuliza kwa Kisomali, na haya hapa chini nayageuza mwenyewe.

"Walaal, kaka yangu, mwaka ule ulioacha shule. Aabo aliwahi kukuuliza habari za malori mawili?"

"Malori gani?"

Nikamweleza lote, mpaka vyuma chakavu. Hapo sauti yangu haikuwa nzuri. Yeye alisikiliza huku anachokonoa jino.

"Mimi hakuniuliza malori," alisema. "Mimi aliniuliza kwa Kisomali. Tulikuwa tunatoka sala ya alfajiri. Akasema, nina pesa za mmoja wenu."

"Ukasemaje?"

"Nikasema wewe."

"Kwa nini?"

"Wewe ungelia mpaka Ramadhani. Mimi singelia."

"Yusuf."

"Na hesabu sikuzipenda."

"Uongo. Ulikuwa wa kwanza."

"Wa nne. Usiniongezee." Alikuwa anatabasamu, lakini anaangalia lango.

"Alikuuliza kabla yangu, au baada?"

Unaelewa kwa nini niliuliza hilo, Aabo. Kama ulimwuliza yeye kwanza, basi jibu langu lilikuwa pambo tu, mambo yalikuwa yameshakwisha, na mimi sina mzigo. Kama uliniuliza mimi kwanza, basi ulienda kwake na uamuzi wangu mfukoni ukamfanya aamini ni wake. Yusuf aliniangalia sana.

"Abaayo, dada yangu, unataka kuwa hakimu au mshtakiwa? Sikumbuki."

Anakumbuka. Mtu anayekumbuka mama na bibi wa kila ngamia hasahau asubuhi kama ile.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua kabisa. Kabla yake ngamia wako walichungwa na mtu wa kuajiriwa, Gedi. Ulimlipa kama watu wa huko wanavyolipa: ndama mmoja jike wa ngamia kila mwaka, na nguo, na chakula. Yusuf alipofika Eldas, Gedi alikaa naye siku mbili, akamfundisha majina ya ngamia na visima, akamchukua ndama wake wa mwisho akaenda zake.

"Na wewe ulipewa ndama?" nilimwuliza.

"Mimi? Mimi ni mwana. Nani anamlipa mwanawe?"

Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa. Lakini mimi nilikuwa nimeshasimama. Huyo hapo binamu, Aabo. Nilikuwa nimemtafuta kwenye vitabu vya kila mtu. Hukumwacha tu Yusuf njiani bila kumtengeneza, la. Ulimtoa shuleni ukapata ada yangu, kisha ukamweka kwenye kazi ya Gedi ukapata na ndama wa kila mwaka. Lile lori bovu ndilo lililovuta. Na mimi ndiye niliyesema lifanye kazi ndogo ndogo.

Yusuf hakuwa amekuja kwa ajili ya mambo ya zamani. Alikunywa kikombe cha pili, akageuza kikombe chini juu, akasema alichokuja kusema. Unajua wanawe wawili, uliwashika wote wakiwa wadogo. Sahra ana miaka kumi na mmoja, Bile ana tisa. Shule ya karibu nao haina mwalimu tangu yule aliyekuwepo aombe uhamisho. Ukame umewala ngamia zaidi ya nusu.

"Ninaweza kumlipia mmoja," alisema. "Akae hapa na Hooyo, asome. Mwingine abaki na mimi. Ngamia waliobaki ni wachache lakini wanataka mtu, na mimi goti langu hili halinibebi tena mpaka kisimani. Wewe ndiye unayejua mambo haya. Nani aje?"

Nilimwangalia nione kama ananitega. Hakuwa ananitega. Aliniuliza kwa Kisomali, usoni, bila lori hata moja. Kwa hilo amekushinda, nakwambia ukweli. Lakini alikuwa ananiuliza mimi.

Nikamwomba anipe muda nifikirie.

"Usifikirie sana," alisema akitafuta viatu vyake. "Aabo alifikiria sana."

Kesho yake, baada ya kipindi cha mchana, nilibaki peke yangu darasani. Nikajikuta nimeshaanza. Sahra ni mkubwa, akikosa mwaka huu hatarudi tena, watamwoza. Bile bado ana muda. Sahra hunipigia simu kuniuliza majina ya nchi. Bile, baba yake anasema, hupoteza mbuzi akiangalia ndege. Nilikuwa naenda vizuri, Aabo, nilikuwa na sababu nzuri na zimepangika, na upande wa Sahra ulikuwa unazidi. Halafu nikashtuka. Nilikuwa nampima mtoto kwa kile atakachorudisha. Nilikuwa nimeketi mkao wako, miguu imekunjwa juu ya kiti.

Nikaanza upya. Nani hajatajwa kwenye swali? Yusuf alisema pesa ni za mmoja, na mwingine abaki na ngamia. Lakini huyo wa kubaki si wa bure. Ni mchungaji asiyelipwa. Wanafunzi wangu nawaambia kila mwaka kwamba mama mwenye duka ambaye wanawe wanauza bila mshahara hana faida anayodhani anayo, kuna mtu anailipa, na huwa ni mtoto. Naliandika ubaoni, naliulizia kwenye mitihani. Sikuwahi kulileta nyumbani.

Nikaenda sokoni kuuliza mchungaji siku hizi analipwaje. Wengi hawataki ndama tena, wanataka pesa kwenye simu mwisho wa mwezi. Walinitajia. Nikarudi nikaweka mshahara huo, na ada ya mtoto wa pili, karibu na akiba yangu, ile ambayo ningeenda nayo Nairobi mwaka ujao kumalizia mitihani yangu ya uhasibu. Inatosha. Haibaki kitu, lakini inatosha. Nitaendelea kuwa mwalimu msaidizi, nitasoma nikipata nafasi. Sikwambii haya unisifu. Nilipoona hesabu imekubali nilikasirika, na hasira yenyewe sijui ni ya nani.

Nikampigia Yusuf. Mtandao wa Eldas ulikuwa unakuja na kwenda.

"Walete wote wawili," nilisema. "Ajiri mtu wa ngamia. Mimi ndiye nitakayemlipa."

"Utamlipa na nini? Wewe unafuga vitabu."

"Na akiba yangu."

"Na Nairobi yako?"

"Nairobi haihami."

Nilisikia upepo, na kengele ya mbao ya ngamia.

"Wewe unapata nini kwenye hii?" aliuliza. Hiyo pia uliifundisha wewe, usidhani ni mimi peke yangu niliyerithi.

"Sipati kitu."

"Kila mtu anapata kitu. Fikiria kwanza, abaayo."

"Nimefikiria fizuri," nikamjibu kwa Kiswahili.

Alicheka, Aabo. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu azibe lile tangi. Alicheka mpaka mtandao ukakatika, na nilikaa na simu mkononi nikingoja apige tena, na alipopiga hakusema habari za watoto. Alisema, "Alikuuliza wewe kwanza." Kisha akaniaga haraka, kama mtu anayeweka mzigo mlangoni na kuondoka.

Kwa hiyo sasa najua. Au najua anachotaka nijue. Huenda amesema hivyo ili niwe na sehemu yangu, kwa kuwa aliona naitafuta. Siwezi tena kusikia jambo likisemwa bila kulipapasa chini.

Mawazo mawili yamebaki na siwezi kuchagua. La kwanza ni kwamba ulijua bei ya mchungaji. Ulikuwa dalali, bei ya kila kitu kilichopita Garissa ilikuwa kichwani mwako. Uliiacha nje ya swali kwa sababu ungeitaja ningeiona, na ukishaonyeshwa usingeweza kumtoa Yusuf shuleni. Huyo ni baba mwoga, na nimelia juu yake.

La pili ndilo linaloniamsha. Kwamba ulifanya kama ulivyofanya siku zote. Uliacha shimo makusudi. Uliketi pale na chai yako yenye utando ukingoja nikuulize, "Na lile lisilotengenezwa, kazi yake nani analipa?" Ulinyamaza mara mbili siku ile. Kama ningeuliza, huenda ungesema, "Andika binamu," na ungeenda kumtafutia Yusuf ada kwa njia nyingine, hata kwa kuuza ngamia wote wa Eldas. Lakini nilikuwa na haraka ya kuwa hodari, nikasema vyuma chakavu.

Sitajua. Nimechelewa miaka ishirini, lakini jibu langu jipya ni hili: yatengenezwe yote mawili, na mvutaji wa mzigo aajiriwe, alipwe. Kama hilo ndilo ulilokuwa unangoja, niambie, "Fizuri, karani." Kama hukuwa unangoja chochote, basi usiseme kitu, nami nitaelewa hivyo hivyo.

Watoto wanafika Alhamisi. Hooyo ameufua mkeka wako na kuuanika kwenye ukuta, na anajifanya hajui kwa nini nauangalia. Sahra ameshaniuliza kwa simu kama kweli huwa nauliza watu maswali baada ya alasiri. Nimemwambia ndiyo, lakini nitawauliza wawili pamoja, na kwa lugha wanayolia nayo.

Mola akupanulie mahali ulipolala, Aabo. Nakuaga bila kukusamehe yote na bila kukuacha.

Mwanao,
lile lori dogo